Asilimia Mbili: Mlemavu, Kazi na Halmashauri katika Historia Yetu

Katika ajenda za vikao vingi vya tawi na kata, suala la watu wenye ulemavu lina mahali pake panapojulikana. Liko chini kabisa, kwenye "Mengineyo", wakati wajumbe wamekwisha kuanza kukusanya makaratasi yao. Mjumbe mmoja husimama akaomba tusiwasahau ndugu zetu, wajumbe hupiga makofi, mwenyekiti hufunga kikao. Makofi hayo yana historia. Tena historia hiyo ilianza kuwa ya kinadharia kabla haijawa ya kiutendaji, maana inahusu jinsi sisi wenyewe tulivyoielewa kazi, na nani tuliyemhesabu kuwa mfanyakazi.

Kila baada ya miaka mitano wananchi huletewa wagombea udiwani. Mgombea akiulizwa msimamo wake juu ya ulemavu, mara nyingi hujibu kwa huruma. Kada na mwanafunzi wa itikadi hawana budi kujua kwa nini jibu la huruma halitoshi, na kwa nini historia yetu wenyewe ndiyo inayomruhusu mgombea kujibu hivyo bila kuona haya.

Mkoloni na bei ya mkono

Wapo wanaopenda kusema kwamba kabla ya mkoloni kila kilema alitunzwa na jamii yake, na kwamba ubaguzi uliletwa na meli. Historia haituruhusu kusema hivyo kwa jumla. Ukoo ulitunza wengi, hilo ni kweli. Lakini baadhi ya jamii zetu zilikuwa na mila za kigego, ambapo mtoto aliyeanza kuota meno ya juu alihesabiwa kuwa mkosi akauawa. Jamii iliyoweza kumhukumu mtoto kwa meno yake haikushindwa kumhukumu kwa mguu wake au kwa rangi ya ngozi yake. Mwanahistoria wa kimapinduzi hapaswi kuupamba wakati uliopita.

Alichokifanya mkoloni ni kingine. Aliugeuza mwili wa Mwafrika kuwa nguvu kazi inayonunuliwa, kisha akauwekea bei mwili ulioharibika. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, migodini, relini na bandarini, watu walipoteza vidole, mikono na macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia ya wafanyakazi, na sheria hiyo ilikuwa na jedwali: kiungo fulani kikipotea, mfanyakazi amepoteza asilimia kadhaa ya uwezo wake wa kuchuma. Alilipwa kwa kadiri ya asilimia hiyo, akarudi kwao. Jedwali halikuuliza kama mtu huyo anaweza kufanya kazi nyingine. Kwa bwana shamba, mkono uliokatika ulikuwa hasara iliyokwisha kulipwa na hesabu yake kufungwa. Mtindo huo wa sheria ulidumu nchini muda mrefu baada ya Uhuru, hadi ilipotungwa sheria mpya ya fidia ya mwaka 2008.

Wale ambao hawakuwahi kuingia katika mashamba hayo, yaani waliozaliwa na ulemavu au walioupata utotoni kwa maradhi, hawakuwamo hata katika jedwali. Hao waliachiwa ukoo na misheni. Shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na kanisa Katoliki mwaka 1963, tukiwa tumekwisha kupata Uhuru. Tusiwabeze walioanzisha shule hizo, kwa sababu walifundisha wakati serikali haikufundisha. Lakini matokeo yake ya kisiasa yalikuwa mazito. Taifa changa lilirithi fikra kwamba ulemavu ni jambo la sadaka, na kwamba mwenye dhamana nalo ni padri, bibi maendeleo na mfadhili kutoka ng'ambo.

Jembe la siku ya tatu

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha makala haya. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa kama msingi wa siasa yetu, na ndani yake akatumia methali ambayo kila mwanachama anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ilikuwa wazi. Katika jamii ya Kiafrika hapakuwa na nafasi ya mtu wa kuishi kwa jasho la wengine. Kila mtu alikuwa mfanyakazi.

Methali hiyo ina upande wa pili ambao wachache wameufikiria. Jembe ni mzigo, lakini jembe ni uenyeji pia. Anayepewa jembe siku ya tatu amekwisha kuwa mtu wa nyumbani, na atakapokaa barazani atakuwa na neno la kusema. Asiyepewa jembe anabaki mgeni. Atalishwa, pengine vizuri, lakini hataulizwa mvua ikichelewa tupande nini. Mlemavu katika vijiji vyetu alibaki katika siku ya pili ya ugeni wake, na wengine wamefia humo.

Azimio la Arusha, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa tarehe 5 Februari, lililichukua wazo hilo la kazi na kulifanya nguzo. Nchi ya ujamaa ni nchi ya wafanyakazi, na ndani yake mtu hanyonywi na mtu. Azimio lilikuwa makini, kwa hiyo likawataja wale ambao hawawezi kuhesabiwa kuwa wanyonyaji ijapokuwa hawafanyi kazi. Liliwataja watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao dola kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi.

Msomaji asome orodha hiyo tena, polepole. Ina makundi manne, lakini sababu ni mbili tu. Makundi matatu ya kwanza hayafanyi kazi kwa sababu iliyo ndani ya miili yao: mtoto hajakomaa, mzee amechoka, kilema ni kilema. Kundi la nne halifanyi kazi kwa sababu iliyo nje yake. Mikono na nia wanavyo, ila jamii haijapanga mambo yake hata kuwafikia. Deni la kundi la nne liko kwa dola.

Hapa ndipo lilipo kosa la kinadharia, nasi tulitaje bila woga kwa sababu kujikosoa ni desturi ya Chama. Kilema aliwekwa katika kundi la tatu, ilhali walio wengi walikuwa wa kundi la nne. Asiyeona wa Masasi hakukosa uwezo wa kulima. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha kulima kwa kamba na kwa kupapasa. Kiziwi wa Tabora hakukosa akili ya useremala, alikosa fundi mwenye lugha ya alama. Aliyepooza miguu alikuwa na mikono miwili mizima na kichwa kizuri, lakini njia ya kumfikisha penye meza haikuwapo. Azimio lilikusudia kumkinga asiitwe mnyonyaji. Kinga hiyo ilikuwa ya utu, na katika siku zile ilikuwa hatua. Ila msamaha wa kazi, katika jamii inayompima mtu kwa kazi, ni kufukuzwa kwa upole.

Vijijini jambo hilo lilionekana kwa macho. Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulitaja nguzo tatu: kuheshimiana, mali kuwa ya wote, na kila mtu kuwa na wajibu wa kufanya kazi. Katika vijiji vilivyolima shamba la pamoja, siku za kazi ziliandikwa daftarini na mgao ukafuata daftari. Mtu ambaye jina lake halikuwa daftarini alipata alichopewa, hakupata kilicho chake. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya sadaka na haki.

Haki ya historia inatudai tuongeze kwamba serikali haikukaa bure. Katika miaka ya 1970 ilikuwapo Yombo, Dar es Salaam, kwa mafunzo ya ufundi, na vikawapo vituo vya kilimo na ufundi mikoani, kama Masiwani huko Tanga, Mtapika huko Masasi na Luanzari huko Tabora. Vituo hivi vilikuwa ushahidi hai dhidi ya orodha ya Azimio: mlemavu akifundishwa, anazalisha. Lakini vilikuwa vichache mno, na viliendeshwa na wizara kutoka mbali. Kijiji hakikuvihesabu kuwa vyake, na makao makuu yalipokosa fedha, kijiji hakikuwa na sababu ya kuvilinda.

Mwaka 1982: sheria zilizopishana njiani

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Kwa desturi miaka ya namna hiyo hupita na fulana zake. Huu uliacha alama kwetu, kwa sababu walemavu wenyewe walikuwa wameanza kujipanga. Wasioona walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1960, wenye ualbino walikuwa wamejikusanya mwishoni mwa miaka ya 1970, na CHAWATA, kilichokusanya walemavu wa viungo, kikatoka katika vuguvugu la wakati huo. CHAVITA cha viziwi kilifuata.

Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mbili. Sheria Namba 2 ilihusu ajira ya walemavu: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi alitakiwa asilimia 2 ya wafanyakazi wake wawe walemavu. Sheria Namba 3 ilihusu matunzo yao, na iliugawa wajibu huo baina ya familia, jamaa, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika ya hiari.

Kinadharia, Sheria Namba 2 ilikuwa kubwa kuliko wengi walivyotambua. Bila kusema hivyo, ilimtoa mlemavu katika kundi la tatu la Azimio na kumpeleka la nne. Ilikiri kwamba anaweza kufanya kazi, na kwamba anayepaswa kubadilika ni mwajiri. Sheria Namba 3, iliyofuata mara moja, ikamrudisha kwa jamaa zake na kwa matunzo. Mkono mmoja wa Bunge ulimpa jembe, wa pili ukamwekea mkeka.

Mgongano huo umo hata katika Katiba. Marekebisho ya mwaka 1984 yaliingiza Ibara ya 11, inayoitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya kufanya kazi, haki ya elimu, na haki ya kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ulemavu ukasimama tena upande wa msaada, bega kwa bega na uzee, mbali na neno kazi ambalo limo katika sentensi hiyo hiyo. Na Ibara hiyo imo katika sehemu ya Katiba ambayo mahakama haina mamlaka ya kuitekeleza.

Lakini jambo ambalo wanahistoria wa Chama wamelipita bila kulitazama ni namba. Mwaka ule ule wa 1982, baada ya Sheria Namba 2 na Namba 3, zilitungwa Sheria Namba 7, 8 na 9. Hizo ndizo zilizorudisha serikali za mitaa, zilizokuwa zimevunjwa mwaka 1972 kwa jina la madaraka mikoani. Namba 7 ilihusu wilaya, Namba 8 miji, Namba 9 fedha za halmashauri. Halmashauri zenyewe zilianza kazi mwaka 1984. Katika mwaka mmoja Bunge lilijenga chombo cha mwananchi kujiamulia mambo ya kata yake, na likatoa ahadi kwa mlemavu. Vitu hivyo viwili vilipishana njiani kama watu wasiojuana. Halmashauri ilitajwa katika Sheria Namba 3 kuwa mmoja wa walezi. Hakuna sheria iliyomtaja mlemavu kuwa mmoja wa madiwani.

Tunajua yaliyofuata. Asilimia 2 ya ajira iliwahusu waajiri wakubwa, na waajiri wakubwa walikuwa mashirika ya umma yaliyokaa mijini. Baadhi ya wasioona waliajiriwa kuendesha mitambo ya simu maofisini, na watumishi wa zamani bado wanazikumbuka sauti zao. Kwa mkulima mlemavu, sheria hiyo ilikuwa habari ya redioni. Halafu ukaja mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, likaja punguzo la wafanyakazi, na katika miaka ya 1990 mashirika yakauzwa au yakafa. Asilimia 2 ya kiwanda kilichofungwa ni sifuri. Sheria haikufutwa wakati huo; kilichotoweka ni kitu ambacho ilikuwa inakihesabia.

Jirani alivyofanya

Ili tusidhani kwamba mambo hayangeweza kwenda vingine, tutazame Uganda, nchi jirani yenye halmashauri kama zetu na umaskini kama wetu. Vyama vya walemavu wa nchi hiyo viliungana mwaka 1987 katika umoja unaojulikana kwa herufi za NUDIPU. Hawakuanza kwa kuomba ajira. Walianza kwa kudai viti. Katiba ya mwaka 1995 ilitambua uwakilishi wao, na mwaka 1996 akaingia bungeni Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akizungumza kwa msaada wa mkalimani wa lugha ya alama. Bungeni walitengewa viti vitano. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 ikashuka hadi chini: katika halmashauri, wajumbe wawili wawe watu wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke.

Tusiifanye Uganda kuwa pepo. Kiti bila fedha huwa kiti tu, na wajumbe wengi wa ngazi za chini waligundua kwamba wanaweza kusema wanavyotaka katika kikao ambacho hakina la kugawa. Lakini utaratibu ule ulibadilisha jambo moja ambalo sheria zetu za 1982 hazikuligusa. Katika maelfu ya vikao vya vijijini, wajumbe walizoea kumsikiliza mtu mwenye ulemavu akizungumzia daraja, zahanati na ushuru wa soko, yaani mambo ya wote. Alikuwa amepewa jembe. Sisi tuliongeza viti vya wanawake katika halmashauri hadi theluthi moja, na tulifanya vema. Kwa walemavu tuliendelea na Mengineyo.

Kilichokuja kwetu kilikuja kwa njia ya juu. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, wa kwanza mwenye ualbino, katika wakati ambao damu ilikuwa inamwagika. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany kwa tiketi ya CUF, wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo. Mgombea wetu alishindwa pale. Ni vizuri makada wakikumbuke kisa hicho, kwa sababu kiliivunja hoja iliyotumika miaka mingi katika kura za maoni, kwamba wananchi "hawako tayari". Lindi walikuwa tayari.

Asilimia mbili ya pili

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ilichukua nafasi ya zile za 1982, mwaka mmoja baada ya nchi kuridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kiwango cha ajira kilipanda hadi asilimia 3, na mwajiri anayehusika sasa ni mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Zanzibar ilikuwa imetangulia na sheria yake mwaka 2006. Jina nalo lilibadilika. Kilema, wa ngeli ya ki-vi pamoja na vitu, alikuwa amekwisha kuwa mlemavu wa ngeli ya watu, na sasa akawa mtu mwenye ulemavu. Wanaocheka mabadiliko ya maneno wakumbuke kwamba lugha yetu huwapa hata wanyama upatanisho wa watu. Viziwi, kwa upande wao, wamelibakiza jina lao katika CHAVITA, na hiyo ni hiari yao.

Kwa kada wa kata, lililo muhimu zaidi katika sheria hiyo ni kamati za watu wenye ulemavu, kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu. Kisha mwaka 2018 likatokea jambo ambalo lingestahili kushangiliwa zaidi ya lilivyoshangiliwa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo ni ile ile Namba 9 ya mwaka 1982, ilirekebishwa ili kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Baada ya miaka 36 zile sheria zilizopishana njiani zikakutana. Na zilikutana penye fedha, ambapo ndipo siasa hupimwa.

Tufanye hesabu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 2 za mapato yanayohusika, asilimia 2 ni milioni 40 kwa mwaka. Ukizigawa kwa kata 20, ni milioni 2 kwa kata. Si utajiri, lakini ni cherehani kadhaa, au kuku na banda lake, au mtaji wa duka la rejareja lenye kizingiti kilichosawazishwa. Tena ni mkopo, na hapo ndipo uzito wake wa kiitikadi ulipo. Sadaka hairudishwi. Anayekopeshwa anahesabiwa kuwa mzalishaji atakayelipa, na jina lake limeingia daftarini.

Fedha hizo zilipata misukosuko. Mkaguzi Mkuu alionyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ilisimamisha utaratibu mzima, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Tunapaswa kusema wazi kwamba kikundi hewa cha walemavu ni aina ya pekee ya unyonyaji. Mtu mzima wa viungo, mara nyingine mwenye jamaa ofisini, anakodi jina la asiyeona ili achukue fungu lake. Bwana shamba wa mkonge alilipia mkono alioukata. Huyu anautumia ulemavu wa mwenzake bure.

Mgombea asimame wapi

Sasa tunaweza kurudi kwa mgombea udiwani. Makada wamezoea kumpima kwa ukarimu. Anafika mkutanoni na baiskeli ya magurudumu matatu, au siku hizi kiti mwendo, anamkabidhi mlemavu mmoja mbele ya umati, picha zinapigwa. Mahakama Kuu ilibatilisha takrima mwaka 2006, lakini zawadi kwa mlemavu ina kinga ya huruma, na nani atathubutu kuipinga? Ipingwe kwa historia. Kiti kile kinamwambia mlemavu na umati kwamba yeye ni wa kundi la tatu. Aidha, uwanja ambao kinakabidhiwa mara nyingi una mtaro usio na daraja, na mwenye kiti atabebwa kurudi kwao kama alivyobebwa kuja.

Kuna jambo zito zaidi, na kulikwepa ni woga. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa biashara ya ushirikina inayoahidi mali na vyeo. Januari 2015, mwaka wa uchaguzi, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba majira ya kampeni huongeza hatari. Soko haliwi soko bila mnunuzi, na wanunuzi wanaotajwa ni wenye fedha na wanaotafuta madaraka. Jedwali la mkoloni liliuwekea mkono bei baada ya ajali. Soko hili linaweka bei kwanza, kisha linautafuta mkono. Mgombea asiyeweza kusimama jukwaani akasema kwa kinywa chake kwamba kura haipatikani kwa mganga, na ambaye hatawataja polisi waliomo wilayani na wajibu wao, hana msimamo wowote juu ya haki za walemavu, hata awe ametoa viti mia.

Baada ya hapo maswali ni ya kawaida na yana majibu ya namba. Kamati ya watu wenye ulemavu katika kijiji chake ipo, na mwenyekiti wake ni nani? Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna moja au nyingine. Katika kata yake ni kaya zipi, na watoto wangapi kati ya hao wako shuleni? Shule ya msingi ya kata ina choo ambacho mtoto mwenye magongo anaweza kukiingia peke yake? Vikundi vilivyopata asilimia 2 mwaka uliopita ni vipi, na waliomo wanajulikana kwa sura? Zahanati ikijengwa mwakani kwa nguvu za wananchi, mlemavu atachangia nini? Swali hili la mwisho huwashtua wagombea, kwa sababu wamezoea kumsamehe. Anayemsamehe mchango anamwondoa katika kikao kitakachopanga mlango uwe mpana kiasi gani.

Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe wakati wa likizo, katika kata zao. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya halmashauri hukutana kila mwezi, na makabrasha yake huandaliwa kabla ya kikao. Katika makabrasha hayo fungu la asilimia 2 lina mstari wake: kilichotengwa, kilichotolewa, kilichorejeshwa. Mgombea anayeomba kipindi cha pili ameyapokea makabrasha hayo kwa miaka mitano. Aombwe aje nayo mkutanoni, ausome mstari huo kwa sauti, na mkalimani wa lugha ya alama awe amesimama kando yake.